Pacha Wangu Yumo Barafuni

Mimi ni Butoyi, nauza barafu mwaloni Kibirizi.
Shoka langu dogo, mpini wa mninga.
Napasua, nagawa kwa bei ya alfajiri:
pande la elfu mbili kwa migebuka wa Ntakije,
pande la elfu moja kwa mama wa Kasulu
ambaye kila siku husema nimempunja.

Bukuru, aliyenitangulia duniani kwa dakika kumi na moja,
hauzi barafu.
Imemkamata.

Sauti yake huingia simuni usiku, umeme ukirudi:
“Butoyi, bahari ya huku imekuwa saruji.
Leo siku ya tisa. Injini inanguruma, meli haisogei hata ukucha.
Barafu inatubana mbavu, chuma kinalia
kama ule mlango wa jirani yetu wa Mwanga.
Mpishi ameanza kupima unga kwa kikombe.”

Nilicheka kwanza. Mungu anisamehe.
Mama alituzaa siku moja, akatugawia riziki moja:
mimi naifunika pumba isiyeyuke,
yeye anaipigia magoti iyeyuke.

Siku ya kumi akasema: hatuko peke yetu.
Kuna kimeli cha kuvulia kimenasa ng’ambo,
umbali wa kutoka stesheni hadi bandarini.
Walimulika taa mara tatu, nasi tukamulika mara tatu.
Lugha yao hatuijui.
Asubuhi wakaja kwa miguu, juu ya bahari, Butoyi, kwa miguu!
wakiburuta gunia la viazi.
Tukawapa dizeli. Hakuna aliyeandika deni.

Kisha kimya. Siku mbili simu haisemi.
Nilipasua barafu vibaya, vipande havikulingana,
nilimkaripia mtoto wa watu bure.

Siku ya kumi na tatu, sauti imekauka lakini ipo:
“Imekuja. Meli nyekundu, ya kuvunjia barafu.
Ilikuwa na safari yake, ikageuza.
Bendera si yetu, kampuni si yetu.
Nahodha wetu akauliza redioni, tutalipa ngapi?
Ikajibu: kwanza kamba.
Mimi nikaishika redio nikasema mwakeye,
sijui kwa nini, ndilo neno lililonijia.

“Ikatuzunguka, ikapasua, na bado tumekwama.
Nikakumbuka mtumbwi wa baba mdogo Rubhera
uliponasa mchangani, tukiwa na miaka minane.
Hatukuvuta. Tulitikisa.
Nikawaambia. Wakanicheka, kisha wakajipanga,
watu ishirini na wawili kwenye sitaha:
wote kulia! wote kushoto! wote kulia!
Serang akateleza, akavunja jino, akaamka anacheka.
Meli ikahema.
Ikakohoa.
Ikatoka.

“Fundi mkuu anasema ni ile nyekundu.
Mpishi anaapa ni miguu yetu.
Mimi nanyamaza.
Sasa tuko njiani, msururu kama siafu,
nyekundu mbele, sisi nyuma,
na kile kimeli tumekiweka katikati
kama mtoto anayevushwa barabara,
maana maji yanajifunga upesi nyuma yetu,
na wa mwisho asiye na nguvu hubaki.”

Niliusikiliza ujumbe huo mara tatu,
jua limeshapanda juu ya Kibirizi,
pumba zimelowa, maji yanachuruzika hadi kwenye ndala zangu.
Ntakije anaita. Boti ya Kalemie inapakia.
Mama wa Kasulu akainua pande lake, akaligeuza:
“Butoyi, leo umenipunja kweli.”

Kweli. Nikamwongezea.
Akaniuliza, mbona unalia?
Nikamwambia ni shoka, mama,
kipande kimeniruka jichoni.